Mashavu na Mlango wa Zimwi

Paukwa!

Pakawa!

Ninyi wa nyuma mmeitikia kwa pua. Tena. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mko macho. Zamani, bibi wa bibi yangu hajazaliwa, palikuwa na kijiji kando ya msitu, na msituni palikuwa na Zimwi. Kijijini hapo aliishi Mashavu, mjane mwenye mtoto mmoja, Riziki. Siku moja Mashavu akaenda kukata kuni. Akasikia tindi! tindi! tindi! Ardhi ikatikisika. Zimwi likamkamata, likaenda naye. Watu wakatafuta, wakalia, wakachoka. Riziki akachukuliwa na shangazi yake.

Msimu ukapita, ukaingia mwingine. Asubuhi moja Mashavu akarudi kwa miguu yake mwenyewe.

Mnadhani alipokewa kwa vigelegele? Wapi! Kijiji kile kilikuwa na desturi yake. Aliyetoka kwa Zimwi hapewi kaa la moto la kuwashia jiko lake, wala hamshiki mtoto, mpaka akae mkekani mbele ya watu wote na kusimulia alichotendwa. Kila kitu, asibakishe. Walisema yasiposemwa yote, uchafu wa Zimwi hubaki mwilini na kuambukiza wengine. Yakishasemwa, watu huitikia, "Tumepokea." Hapo ndipo mtu amerudi nyumbani.

Basi kila alasiri uwanja ulijaa. Watu walikuja na vigoda vyao, wengine na karanga za kutafuna, nawaambia kweli. Mashavu alikaa mkekani. Akafungua kinywa. Kimya. Akajaribu tena. Kimya. Nyuma ya ua alimsikia Riziki akilia, "Mama! Mama!" na shangazi akimzuia. Moyo ulimkatika. Alitaka kusema, wallahi alitaka. Lakini kila alipolikaribia jambo lenyewe alijiona yumo tena ndani ya nyumba ya Zimwi. Akainuka, akarudi kwenye nyumba yenye jiko baridi kutafuna muhogo mbichi.

Mwishowe Jumbe Kingwaba, mkuu wa kijiji, akachoka. Akatangaza kwamba kesho Mashavu asiposimulia, ataondoka kijijini, na mtoto atabaki.

Magharibi hiyo akaja Bi Mwaka. Huyu ndiye bibi ninayetaka mumkumbuke. Ndiye aliyekuwa mtambaji wa ngano pale kijijini, mkali kwelikweli, ukisinzia kwenye hadithi yake anakutimua. Alikaa kizingitini. Hakuuliza Zimwi lilifanya nini. Aliuliza jambo moja tu.

"Mwanangu, kipi unachoweza kukisema?"

Mashavu akafikiri sana. "Naweza kuusema mlango, bibi. Nilivyoingia, na nilivyotoka."

"Basi ngano imetimia. Kesho nitakusemea."

Kesho yake wakaketi mkekani wote wawili, mkono wa Mashavu umo ndani ya mkono wa Bi Mwaka. Bibi akaanza. Akaeleza kuni, akaeleza vishindo, tindi! tindi! Watu wakasogeza vigoda. Akaeleza nyumba ya Zimwi na mlango wake mzito wa gogo.

"Mlango ukafungwa, pu!" akasema Bi Mwaka. Akanyamaza.

Akanyamaza muda mrefu. Karanga zikaacha kutafunwa.

"Mlango ukafunguliwa. Zimwi limelala, linakoroma, ngrooo, ngrooo. Mashavu akatoka. Akakimbia, akavuka mto, huyu hapa."

Watu wakatazamana. Jumbe akasimama. "Bi Mwaka, umeruka."

"Nimeruka, Jumbe."

"Mle ndani palikuwaje?"

"Mle ndani aliumia. Aliumia sana, na hapa hakuna asiyejua kuumia ni nini. Au mnataka niwape na vilio vyake, mvitafune na hizo karanga?"

Minong'ono ikazuka. Jumbe akasema desturi ni desturi, na nusu ya habari si habari. Mashavu akafumba macho. Akaiona njia ya kutokea kijijini, akamwona Riziki akibaki nyuma.

Ndipo akasimama Mzee Shunda. Huyu naye aliwahi kutoka kwa Zimwi, Mashavu hajazaliwa bado, na tangu miaka hiyo watu walimjua kwa uchache wa maneno. Siku hiyo akasema.

"Mimi nilisimulia yote. Mkanipa moto, nikashukuru. Haukupita muda, watoto wenu wakaanza mchezo. Mmoja anakuwa Zimwi, mmoja anakuwa mimi, analia kama nilivyolia. Wanaucheza mpaka leo. Nikipita njiani nawasikia. Hamkunitoa kwa Zimwi ninyi. Mnanirudisha kila siku."

Uwanja mzima ukainama. Nani hakuwahi kuucheza mchezo ule? Hata Mashavu aliucheza utotoni, tena alisifiwa kwa kulia vizuri. Haya ikamjaa, machozi yakamtoka.

Mzee Shunda akamgeukia. "Tumepokea," akasema, peke yake.

Mlango wa ua ukalia, kwiii. Shangazi akatoka amemshika Riziki mkono. "Tumepokea," akasema, akamwachia. Mtoto akaja mbio, akaangukia mapajani mwa mama yake. Wanawake wakaitikia, wanaume wakaitikia, Jumbe naye akakohoa, akaitikia.

Mashavu akashusha pumzi aliyokuwa ameishikilia tangu msituni. Akaletewa kaa la moto. Akapika uji, mwepesi, una madonge, maana mikono ilikuwa imesahau kukoroga. Riziki akaumaliza wote, akalamba hata mwiko.

Funzo lake, enyi wenye masikio marefu: mtu akikwambia aliumia, msadiki, usimdai akuonyeshe. Nanyi mtakaosimulia ngano hii kwenu, mkifika kwenye mlango, nyamazeni. Wakiwauliza ndani palikuwaje, waambieni hata mimi sikuambiwa, na sikuuliza.

Ngano yangu imekomea hapo. Haya, kalaleni.