Hata Kinga Ina Mama

“Hata kinga ina mama.” Mnaisikia sokoni, mnacheka, kisha mnauliza kinga ilizaliwa lini. Basi tulieni, asili ya methali hii ni hii.

Huko milimani Upare, mbuzi hanunuliwi kabla mama yake hajaonwa. Mnunuzi hupanda hadi zizini, akampapasa mama kiwele, akauliza kama aliwahi kutupa mimba. Mzee Mbonea alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Wauzaji walipomwona waliguna, maana aliuliza hata habari za bibi yake mbuzi.

Lakini siku alipokuja wakala mmoja na sanduku la barafu, akitangaza chanjo ya kuwakinga mbwa na maradhi, Mbonea hakuuliza neno. Alimsogeza Sikitu, mbwa wake jike aliyelinda mahindi dhidi ya ngedere, tena ana mimba, akadungwa. Haukupita muda Sikitu akatupa mimba, akalala akihema, hata maji hataki.

Nakijwa, daktari wa mifugo wa kata, alipeleka chupa ya chanjo ile maabara. Majibu yalimtia hasira mpaka masikio yakawaka. Vijidudu vya kutengenezea chanjo vilikuzwa kwa majimaji ya damu ya mifugo, na damu yenyewe haikupimwa. Ilibeba virusi vya ugonjwa wa kondoo. Kondoo ameugua huko mbali, mbwa wa Mbonea ndiye aliyeanguka.

Siku ya soko Nakijwa akakuta wakala amerudi, foleni imejaa mbwa jike wenye mimba. Na wa kwanza mwenye kamba mkononi ni nani? Mbonea!

“Baba Mbonea! Sikitu hajasimama bado, nawe umemleta dada yake?”

“Ule ulikuwa mkosi tu, mwanangu. Dawa imekuja kwenye barafu.”

“Hata samaki aliyeoza hulazwa kwenye barafu!”

Watu wakaangua kicheko. Wakala akanuna. “Daktari, unaniharibia kazi. Chanjo ni chanjo.”

“Na mbuzi ni mbuzi! Mbona mzee huyu hupanda vilima viwili kumtazama mama yake? Baba, chanjo hii mama yake umemwona?”

“Kwani ina mama?”

“Inaye! Imenyonya damu ya kondoo mgonjwa, ndiyo uliyomdunga Sikitu.”

Mbonea akaizungusha kamba mkononi, akaondoka na mbwa wake. Foleni nzima ikamfuata.

Sikitu alipona, ila hakuzaa tena. Nakijwa alipoleta chanjo nyingine, iliyopimwa, Mbonea alitangulia kufika, akauliza mpaka daktari akajuta kumfundisha: imekuzwa kwa damu ya nani? Aliyeipima ni nani? Sindano ikangoja hewani. Nakijwa akashusha pumzi, akajibu yote. Ndipo mzee akamkumbatia Sikitu adungwe, akawageukia waliokuwa wakinung’unika nyuma yake.

“Mnaninunia nini? Hata kinga ina mama.”