Mbege ya Siku Arobaini kwa Mama Pimbi

Hapo zamani za kale, wadogo zangu, wakati wanyama wangali wakifunga milango yao kwa komeo na kugombana na majirani kwa sababu ya moshi wa jiko, palikuwa na kilabu cha pombe katika mtaa wa Mwambani. Kilabu kiliitwa Kaa Kidogo. Mwenyewe alikuwa Mama Pimbi, mnyama mdogo kama mkate, asiye na pembe, asiye na mkia, mwenye meno mawili tu ya kutisha, na hayo aliyatumia kuzibulia vibuyu.

Mama Pimbi alipika mbege. Alichemsha ndizi mbivu mpaka zikabadilika rangi, akazichuja, akachanganya na uji wa kimea cha ulezi, kisha akaiacha pombe ichachuke ndani ya mtungi mweusi aliorithi kwa bibi yake. Mtungi ule haukuoshwa kwa sabuni hata siku moja. Chachu ilikuwa imelala ndani ya udongo wake tangu enzi za bibi. Bila mtungi ule, Mama Pimbi angebaki na maji ya ndizi tu, na nani atavuka mtaa mzima kufuata maji ya ndizi?

Kila Jumamosi alasiri wateja walijaa. Kulikuwa na kumbikumbi wa kukaanga, ndizi za kuchoma, na kachumbari yenye pilipili ya kuliza. Kanga alikuja. Nungunungu alikuja. Kobe naye alikuja, ila yeye alianza safari Ijumaa. Na kwa wasiokunywa pombe, yaani watoto na wanaonyonyesha, Mama Pimbi aliweka togwa pembeni kwenye mkeka. Togwa mnaijua: ni tamu, ni laini, na hailewishi hata inzi aliyetumbukia ndani.

Sasa, mtaani palikuwa na mabwana wawili wakubwa, Kiboko na Nyati. Siku moja walivuka mto, wakakaa ng'ambo siku tatu. Waliporudi, walikuwa wataalamu wa pombe. Nani aliwapa cheo hicho? Kiboko alimpa Nyati, na Nyati akampa Kiboko. Haki ilitendeka.

Utaalamu wenyewe ulikuwa hivi. Kwanza walinusa, fuu, fuu. Kisha walifumba macho kama waliofiwa. Kisha walikunywa kata saba kila mmoja, maana kata moja haitoshi kwa utafiti.

Walianza kwa Nungunungu, ambaye zamani naye alikuwa na kilabu. Kiboko alikunywa, akasema, "Pombe hii ina huzuni." Akaketi juu ya mtungi. Kacha! Kilabu kikafa.

Kisha wakaenda kwa Ngedere. Huko wakasema pombe ni safi sana. Ngedere akafurahi, maskini! Wakahamia hapo hapo, wakakalia vigoda vilivyo karibu na mtungi, wakanywa na kula kila kilichopikwa, mpaka Ngedere akahama yeye.

Siku ya Alhamisi, Nyati akasimama mlangoni pa Kaa Kidogo.

"Hodi!"

"Karibu, baba," akasema Mama Pimbi.

"Sisi hatukaribishwi, mama. Sisi tunatangaza. Jumamosi tunakuja kuonja."

"Ahsante kwa heshima hiyo ambayo sikuiomba. Na mkiipenda?"

"Tutahamia."

"Na msipoipenda?"

"Mwenzangu atakaa."

"Atakaa wapi?"

Nyati akautazama mtungi mweusi. "Panapomfaa," akasema, akaondoka, na alipogeuka akaupiga mlango pembe kidogo, kwa adabu.

Kanga alikuwa nyuma ya nyumba akisikiliza kila neno, maana hiyo ndiyo kazi yake. Akaja mbio. "Shoga! Hama!"

"Nihamie wapi na mtungi wa bibi mgongoni?"

"Basi nenda kamwombe Kiboko."

"Wewe umewahi kumwomba?"

"Niliwahi."

"Akasemaje?"

"Alipiga mwayo."

Mama Pimbi akatafuna ukucha. Wakiipenda pombe, kilabu kimekwenda. Wakiichukia, mtungi umekwenda. Akafikiri, akafikiri, kisha akauliza, "Kanga, hivi umewahi kuwaona wale mabwana wakisema neno 'sijui'?"

"Sijui," akasema Kanga. "Yaani, hapana. Sijawahi."

"Basi niazime ule mtungi wako mkubwa wenye maua."

Jumamosi ikafika. Mtungi mweusi wa bibi, ukiwa umejaa mbege, ulikuwa pembeni kwenye mkeka wa watoto, umefunikwa ungo uliotoboka. Mahali pake palikuwa pamesimama mtungi wa Kanga, umefungwa kitambaa chekundu shingoni kama bwana harusi. Ndani yake mlikuwa na togwa. Togwa tupu.

Ardhi ikatetemeka. Du! Du! Du! Wataalamu wakaingia. Kwenye mkeka wa watoto hawakutupa hata jicho. Mtaalamu gani anahangaika na mambo ya watoto?

"Chakula kwanza," akasema Kiboko.

Ziliisha sinia tatu za kumbikumbi. Watu husema viboko na nyati hula majani tu. Wanaosema hivyo hawajawahi kuwaandalia.

"Na pombe?" akasema Nyati, akilamba sinia.

Mama Pimbi akapiga magoti. "Mabwana wakubwa, nina ombi. Msinywe."

"Nini?"

"Hii si ile ya kila siku. Hii ni mbege ya siku arobaini. Wageni wa kawaida wakionja kijiko tu wanasahau majina yao. Nina wasiwasi na afya zenu."

Kiboko akacheka mpaka tumbo likagonga meza. "Afya zetu! Nyati, umesikia? Mimina!"

Sasa, mila ya mtaa ule ilikuwa moja: mpikaji huonja kwanza mbele ya mgeni, ili mgeni ajue hakuna sumu. Kwa hiyo Mama Pimbi akachovya kidole, akakilamba.

"Yalaaa!" Akazunguka mara mbili, akashika nguzo, nguzo ikamponyoka, akaanguka chini, pu! "Kanga," akasema kwa sauti nyembamba, "hivi mimi ni nani?"

Kanga akauma bawa lake asicheke. "Wewe ni Pimbi, shoga."

"Ooo. Nilidhani mimi ni tembo."

Wateja wote wakatazama chini. Kobe aliingiza kichwa ndani kabisa, na gamba lake likawa linatikisika.

Kiboko akachota kata, akanusa. Fuu, fuu. Akafumba macho, akanywa. Ulimi ukamwambia, bwana, hii ni togwa. Lakini angesemaje, na Pimbi, mnyama wa kutosha kiganjani, amelala sakafuni?

"Mmmh," akasema polepole. "Kali. Kali sana. Nasikia ndizi iliyopigwa radi."

Nyati akanywa. Akamtazama Kiboko kwa pembe ya jicho. Kama mwenzake anaisikia radi na yeye haisikii, basi mtaalamu ni mmoja tu. "Radi ya asubuhi," akasema haraka. "Na kwa mbali, moshi wa mlima."

"Mlima upi?" akauliza Kiboko.

"Ule... mrefu."

"Hasa! Huo huo!"

Kata ya pili. Kata ya tatu. Kwa kuwa Pimbi alilewa kwa kidole, ilikuwa aibu mtu mkubwa kubaki mzima kwa kata nne. Nyati akaanza kuyumba. Kiboko akayumba zaidi. Nyati akaimba. Kiboko akalia machozi, akamkumbatia Nyati, akambusu paji la uso. "Marehemu shangazi!" akasema. "Umerudi!"

"Nimerudi, mwanangu!" akajibu Nyati. Angefanyaje?

Hapo ndipo akaingia Mama Digidigi na kibuyu chake. Alikuwa amejifungua wiki iliyopita. "Hodi wenyewe. Mama Pimbi, nimefuata togwa yangu. Maziwa yamekauka, mtoto analia."

Mama Pimbi akainuka pale sakafuni, mzima kabisa. Akachota kwenye mtungi wenye maua, akajaza kibuyu mpaka juu.

"Simama!" Kiboko akanguruma. Na hapa, wadogo zangu, nitamtendea haki: kwa mara ya kwanza alikuwa na nia njema. "Mama, usinywe! Hiyo ni mbege ya siku arobaini! Itaua mtoto!"

"Ati?" akasema Mama Digidigi. Akanywa funda moja, akapangusa mdomo. "Hii? Mbona hii togwa. Tena ya leo asubuhi."

Kiboko akachungulia ndani ya kata yake.

"Onja tena, bwana mkubwa," akasema Mama Pimbi kwa upole. "Labda ile radi bado imo."

Kicheko kikapasuka. Kanga alicheka mpaka akataga. Nungunungu alicheka hadi miiba ikamsimama.

"Mimi nilijua!" akasema Nyati, na miguu yake ikapona pale pale. "Nilijua tangu kata ya kwanza!"

"Ulijua?" akafoka Kiboko. "Mbona ulisema wewe ni shangazi yangu?"

"Wewe ndiye uliyesema! Mimi nilikubali tu, kwa heshima ya marehemu!"

Kiboko akageuka, macho mekundu. "Pimbi! Utaona!" Akajigeuza, akalenga, akaketi juu ya mtungi wenye maua kwa uzito wake wote. Kacha! Pwaaa!

Togwa ikamrukia mgongoni, tumboni, masikioni. Akabaki amekaa kwenye vigae, anang'aa, ananata, mtamu kuliko alivyowahi kuwa maishani mwake.

Na majimoto, wale sisimizi wekundu wa mitini, hawahitaji kutangaziwa. Walishuka kwa mistari, wakamnusa, wakamwonja, na wao wakasema pombe hii ni nzuri, tunahamia.

"Yowe! Yowe! Uwiii!" Kiboko akatoka bila kutafuta mlango, ukuta wa mabua ukatoka naye, akakimbia mpaka mtoni, chubwi! Nyati alimfuata kwa mbali, akimwambia kila aliyekutana naye kwamba alikuwa msindikizaji tu.

Mama Pimbi akaenda kwenye mkeka wa watoto, akaondoa ungo uliotoboka, na mbege ya kweli ikatoa harufu kilabu kizima. Akaonja kwanza, kama ilivyo mila. Hakuanguka. "Kanga," akasema, "wa kwanza kunywa ni wewe, na mtungi wako nitaufinyanga upya kwa mikono yangu." Jioni ile watu walikula ndizi za kuchoma huku upepo ukiingia ukutani, na Kobe akauliza, "Jamani, nani anacheka nini?" maana kichwa ndio kwanza alikitoa.

Tangu siku hiyo Kiboko hushinda majini, pua tu ndiyo iko nje. Ukimuuliza, atakuambia ni joto. Na Nyati humkodolea macho kila apitaye, akitafuta ni nani alicheka.

Yangu yameishia mtoni alipozama Kiboko, na funzo lake ni hili: anayeona aibu kusema "sijui" humwachia hata mdogo kabisa nafasi ya kumchezea.