Kinyonga Aliyesema Imetosha

Paukwa!

— Pakawa!

Machano, toa mguu kwenye jivu kwanza. Haya. Paukwa tena!

— Pakawa!

Hapo kale, wanyama walipokuwa bado wanasema nasi, palikuwa na msichana akiitwa Siwema. Aliishi na shangazi yake. Siku moja watu walichoma majani shambani, naye akamwokota kinyonga aliyeungua mguu.

"Shangazi, nataka kumfuga."

"Kinyonga!" Shangazi akaruka nyuma. "Huyo anayenitazama mimi na wewe kwa wakati mmoja?"

"Nikimwacha nje, kunguru watamla. Atapona. Mimi nipo."

"Haya. Lakini jua likigusa paa la jikoni nikamkuta mweusi tii, namtupa. Sitaki afie ndani mwangu."

Kunguru walikuwa uani, wakasikia.

— Wakafurahi!

Wakafurahi sana.

Sasa, Siwema hakujua kufuga. Alijua kukirimu wageni, maana shangazi alimfundisha vizuri. Mgeni huwekwa mahali pa baridi. Basi akamtandikia kinyonga mkeka chumba cha ndani, penye giza.

"Umepapenda?"

"Asante, mwenye nyumba. Imetosha."

Na ngozi yake ikawa ya kahawia.

Siwema hakukata tamaa. Mgeni hupewa maji. Akamletea bakuli safi. Maji yakatulia, kinyonga akayatazama kama anayetazama jiwe.

"Kunywa basi."

"Asante, mwenye nyumba. Imetosha."

Na ngozi yake ikawa ya kijivu.

Siwema hakukata tamaa. Mgeni hupikiwa. Akapika wali wa nazi, akampakata, akampelekea punje mdomoni.

"Asante, mwenye nyumba. Imetosha."

Na ngozi yake ikaanza kuwa nyeusi.

— Mbona hasemi?

Ngoja, mwanangu.

Shangazi akaja na ufagio. "Jua limefika."

"Halijafika, shangazi! Limegusa ukingo wa paa. Ulisema paa."

Siwema akainama hadi pua yake ikakaribia pua ya kinyonga. "Mdomo wako unasema imetosha, ngozi yako inasema sivyo. Mimi naiamini ngozi. Kwa nini huniambii?"

Kinyonga akaona haya. "Mama alinifunza: mgeni hatoi kasoro."

"Basi wewe si mgeni. Wewe ni wa nyumba hii, na mtu wa nyumbani husema. Sema!"

Kinyonga akaelekeza jicho moja kwenye ufagio, jingine kwa Siwema.

"Nasikia baridi. Mwili wangu haujipashi moto wenyewe. Niweke juani, na kivuli kiwe karibu, nichague mwenyewe. Maji niyaone yakidondoka kwenye majani. Chakula niwinde kikiwa hai. Na... usinipakate, Siwema. Mkono wako wanitisha."

Siwema akakimbia. Akasimamisha tawi la mpera dirishani, nusu juani, nusu kivulini. Akalifunika kwa chandarua kikuukuu, kunguru wasipite. Akanyunyizia majani maji. Akakamata panzi, akamwachia humo. Kisha akafanya lililokuwa gumu kuliko yote: akaificha mikono yake mgongoni.

Kinyonga akaota jua. Akalamba tone. Panzi akaruka.

— Chwap!

Chwap! Rangi ya kijani ikaanzia mkiani, ikapanda, ikapanda, ikafika kichwani. Jua likagusa paa la jikoni.

Shangazi akatazama paa. Akatazama tawi. Akauegemeza ufagio ukutani.

"Na majani haya ya juu mbona makavu?" akafoka. "Hebu lete maji!"

Tangu hapo kila asubuhi shangazi alinyunyizia tawi lile, amenyoosha mkono na kugeuza uso. Na kunguru?

— Wakalala njaa!

Basi, wanangu, ukileta kiumbe nyumbani, kumpenda hakutoshi. Jifunze kwanza mwili wake unataka nini, umpe hicho, hata kama mikono yako inawasha kumshika.

Hadithi yangu nimeiacha hapo, juu ya tawi la mpera.