Moshi wa Kasri la Karumbadi

"Mwaka mzima hamsalimiani, leo umemtundikia sufuria uani kwako kama ndugu yako wa tumbo moja?"

"Kwani nampikia yeye? Nawapikia waliofiwa."

"Waliofiwa ndio yeye, Bi Tatu."

"Basi nampikia yeye. Moto wa jirani hauna matanga. Hebu nipitishie mwiko wako mkubwa."

Hivyo ndivyo walivyokuwa wakijibizana asubuhi hii Bi Tatu na Mwana Esha, huyu upande huu wa ukuta na yule upande ule, na nyinyi wajukuu zangu mkaacha chai ikapoa ili msikie. Siwalaumu. Anayepita ugomvi wa majirani bila kusimama hukosa nusu ya habari za mji. Ila mmeniuliza jambo la maana. Mmesema, jirani naye hulia msibani kama wenzake, vipi moto wake usiwe na matanga?

Kaeni. Mwiteni na yule aliyesimama mlangoni, baraza bado ina nafasi. Moto wa jirani hauna matanga: neno hili lina kwao, na kwao ni mbali.

Shuleni mmefunzwa kuwa Bara Hindi ilitawaliwa na Mwingereza. Mtihani ukija, andikeni hivyo hivyo. Lakini humu ndani ya hadithi yangu Mwingereza alishindwa vita mapema, akafunga virago akaenda zake, akabaki Mfaransa. Makao yake makuu yalikuwa Pondicheri, pwani, na kutoka hapo alizishika falme za bara moja baada ya nyingine. Si zote alizoziteka kwa bunduki. Nyingine alizifunga kwa karatasi.

Karumbadi ilikuwa moja ya hizo za karatasi. Ufalme mdogo wa milimani, farasi auzunguka wote na hajatoka jasho. Mkataba wake na Wafaransa ulikuwa na mstari mmoja uliowanyima watu raha: siku mfalme atakapokufa, mrithi wake awe yumo ndani ya kasri. Asipokuwemo, milango inapigwa lakiri na nchi inakuwa ya Ufaransa.

Msimamizi wa mkataba huo aliitwa Musiu Vatelini. Alijengewa nyumba ya ghorofa ng'ambo ya barabara, roshani yake ikitazamana na jiko la mfalme. Hakuwa mtu wa kupiga watu wala kutukana. Alikuwa mtu wa kuandika. Harusi ikipita anaandika, jeneza likipita anaandika. Miaka tisa alikaa pale, na hakuna mlango hata mmoja aliowahi kuubishia hodi kwa mazungumzo tu.

Sasa mfalme, Raja Muttaiyan, hakuwa na mtoto. Mrithi wake alikuwa mpwa wake, kijana aitwaye Ilango. Raja alipoanza kuugua, Ilango akapata mwaliko wa sherehe huko Pondicheri, mwendo wa siku mbili na nusu kwa farasi. Aliyeuandika mwaliko huo mnamjua.

Alhamisi alfajiri, Raja akakata roho.

Waliojua walikuwa wanne: mkewe Rani Alamelu, tabibu, na walinzi wawili wa chumbani. Mlinzi mmoja alitoka kwa mlango wa nyuma akapanda farasi kumfuata Ilango. Siku mbili na nusu kwenda, siku mbili na nusu kurudi. Maiti wakailaza katika hodhi la mafuta ya ufuta, kama wazee wao walivyofanya zamani kwa mfalme anayemngojea mrithi. Hilo likamalizika. Likabaki la moshi.

Watu wa nchi ile nyumba yao ikifiwa hawawashi moto jikoni mpaka siku za msiba zitimie. Akiuwasha mfiwa, wanaamini, roho ya marehemu wake haitaiona njia. Na Musiu alikuwa nalo hilo daftarini: nyumba yenye maiti haitoi moshi. Kwa hiyo tangu Raja aanze kuugua, kila asubuhi Musiu alikunywa kahawa yake roshanini, akaitazama dohani ya jiko la kasri, kisha akamwandikia Gavana barua ya mstari mmoja. "Moshi upo, mfalme yu hai." Anatia sahihi, tarishi anaondoka nayo. Siku moshi usipoonekana, angevuka barabara na askari wake.

Rani akawa amekaa chini mbele ya mafiga baridi. Akiwasha moto, amempoteza mumewe njia ya huko aendako. Asipowasha, mpaka jua lipande nchi ya mumewe si yake tena, wala si ya Ilango, wala ya mtu yeyote wa Karumbadi. Na harufu ya kahawa ilikwisha anza kuja kutoka ng'ambo.

Mlinzi aliyebaki alikuwa mmoja wa Wasidi, watu ambao babu zao walitoka pwani hii yetu karne nyingi zilizopita, wakaenda kuwatumikia wafalme wa kule. Nyumba zao zilipangwa kuegemea ukuta wa kasri. Saa ile katika mtaa wote uliowaka ni moto mmoja tu, wa shangazi yake Mwanakheri, muuza vitumbua. Akaenda kumwita.

Mngetaka mtu wa kutunza siri, Mwanakheri angekuwa wa mwisho mjini. Nyumba yake haikukauka watu. Nani kaachwa, nani kaposwa, mkwe wa nani kanuna, yote yalipitia kwake kabla hayajamfikia mwenyewe. Lakini alipoambiwa, aliitua kata ya uji wa mchele, akajifunga kanga kiunoni, akaja.

Alisimama mlangoni pa jiko. Miaka arobaini alikuwa akiuza vitumbua nje ya kasri lile, na kizingiti kile hakuwahi kukivuka, kwa kuwa jiko la mfalme haliingiwi na mtu asiye wa dini yao.

"Rani, pole," akasema. "Nina swali moja. Nyumba yenu ikifiwa, jiko lenu linabaki jiko?"

Rani akamwambia halibaki. Linakuwa chumba tu kama vyumba vingine, mpaka litakaswe.

"Basi sitakuwa nimeingia jikoni. Niingie?"

"Na moto je, Mwanakheri? Utakuwa moto wa nyumba yangu."

"Moto ni wa aliyeuwasha. Makaa natoka nayo kwangu, kuni ni zangu, chuma cha vitumbua changu. Wewe umefiwa, kazi yako ni kulia. Kupika ni kazi ya jirani. Moto wa jirani hauna matanga."

Rani alisogea kando, akampisha.

Mwanakheri akaleta makaa kwenye kigae, akayatia chini ya dohani ya mfalme, akaweka kuni. Ng'ambo kule Musiu akanyanyua uso, akauona moshi, akaandika barua yake.

Ijumaa hivyo hivyo. Wapishi wa kasri walikuwa wameambiwa tangu Alhamisi kuwa Raja hataki chakula chao kwa sasa, waende likizo. Lakini sasa Mwanakheri alikuwa na kazi ngumu kuliko ya moto, nayo ni ya mdomo. Wanawake walijaa barazani kwake kama kawaida. Msema sana akinyamaza ghafla, mji mzima huuliza kuna nini. Kwa hiyo hakunyamaza. Alisema kuliko siku zote. Aliwaambia Raja amechoshwa na wapishi wake, siku hizi hataki ila vitumbua. Aliwaambia jana kalalamika iliki imezidi. Aliwaambia kagombana na kinyozi, ndiyo maana hatoki, hataki kuonekana na ndevu. Waliokuwepo wakacheka, wakasema uzee una mambo. Boi wa Musiu, ambaye hakukosa baraza ile, akayapeleka yote kwa bwana wake, mpaka ya kinyozi.

Akishawacheza shere hivyo, alirudi kwa Rani akamkuta hajatia kitu mdomoni. Kwa mila ya Rani, mfiwa hula cha jirani. Kwa mila hiyo hiyo, Rani hali kilichopikwa na Msidi. Siku ya kwanza alikisukuma kisahani. Ya pili pia. Siku ya tatu Mwanakheri alikaa chini, akakimega kitumbua, nusu akala yeye, nusu akaiacha mkekani. Rani akaitazama kwa muda mrefu, halafu akaila. Ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.

Jumapili mvua ikanyesha kama iliyofunguliwa. Kuni za mtaa mzima zikalowa. Moto ukafuka kidogo, ukaanza kuzimika, na roshanini Musiu alikuwa amesimama, kikombe mkononi, hajakaa. Mwanakheri alirudi kwake akitembea, hakukimbia, maana mtu mzima akikimbia watu humfuata. Akaingia chumbani, akachukua shoka, akakivunja kitanda chake. Samadari ya mninga, ya harusi yake, kitu pekee cha thamani alichokuwa nacho. Wanawe wakamuuliza una nini mama. Akasema kunguni wamezidi. Mninga mkavu ule uliwaka mpaka jioni na moshi ukapanda mzito kabisa. Musiu akakaa, akamaliza kahawa, akaandika.

Jumatatu jua la alasiri, Ilango akaingia mjini, farasi wake akichechemea, nguo zikiwa tope tupu. Aliingia kwa lango kuu mbele ya macho ya watu wote. Mwanakheri akayazoa makaa yake kwenye kigae, akayarudisha kwake. Kisha baragumu la msiba likalia.

Musiu alivuka barabara na lakiri mkononi na askari wanane nyuma yake. Alimkuta Ilango amesimama ndani ya lango, na Rani kando yake amevaa nguo nyeupe.

"Mfalme amekufa lini?" akauliza.

"Ziulize barua zako," Rani akasema. "Asubuhi ya leo umeandika nini?"

Musiu alijua alichoandika. Alikiandika siku tano mfululizo kwa mkono wake, akakitia sahihi, na kilikuwa njiani kwenda kwa Gavana. Akaitazama dohani, haikuwa na moshi. Akainusa hewa, ilinukia iliki. Taratibu uso wake ukabadilika.

"Mila yenu naijua," akasema. "Nyumba yenye msiba haiwashi moto."

"Haiwashi. Nami sikuwasha. Uliandika nusu ya mila, Musiu, nusu ya pili hukuuliza. Mfiwa anapozima moto wake, jirani huuwasha wa kwake, akampikia. Moto wa jirani hauna matanga."

Hapo watu wote waliokuwa langoni walilielewa neno lile, na ndipo lilipoanza kusemwa. Musiu naye alilielewa. Angemwandikia Gavana nini? Kwamba siku tano aliutazama moshi wa muuza vitumbua akauita pumzi ya mfalme? Aliwaashiria askari warudi. Yeye hakurudi. Alisimama pale pale, lakiri ikimlainikia mkononi kwa joto, mtu asiyejua sasa aende wapi.

Majirani walikwisha anza kufika na vyungu vyao vya msibani, kila mmoja na alichopika kwake. Mwanakheri alikuja wa mwisho, sinia kichwani. Alipofika mbele yake akasimama.

"Wewe nawe ni jirani, Musiu," akamwambia. "Vua viatu, uingie ule."