Madawati ya Ng'ombe

Mzee Mangosongo, tajiri wa mifugo na mwenyekiti wa kamati ya shule, aliwaita wadau.

"Watoto wanafeli kwa sababu wanakaa chini," alisema. "Asiye na dawati abaki nyumbani."

Wazazi waliinamisha vichwa. Bi Siwatu, mpika uji wa shule, akanyoosha mkono.

"Na wale wasiosoma kitu, mwenyekiti, wanaoingia na kutoka tu?"

"Hao ndio wanaotushushia ufaulu. Kila anayeingia getini awe na dawati lake."

Akaliandika agizo hilo na kulitia sahihi, na mtendaji wa kijiji akagonga muhuri.

"Basi, mzee," akasema Bi Siwatu, "ng'ombe wako arobaini huingia kila asubuhi, na kiangazi hiki majani yamebaki uwanjani hapa shuleni tu."

Mwezi ule madawati arobaini yaliletwa. Watoto waliyakalia. Ng'ombe walipendelea kusimama.