Chungu cha Revati na Chumvi ya Pembeni

Funikeni hicho chungu kwanza, kisha mkae. Hapana, Saumu, usilie, hakuna anayekugombeza. Mfuniko umeniponyoka kwa sababu nimeshtuka, basi. Mimi Kunvarbai nimepika harusi katika ukumbi huu wa Tanga tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na leo ndiyo mara ya kwanza kuona mtu anachota dengu kwa upawa, anaupeleka mdomoni, anaulamba, halafu anaurudisha chunguni. Tena mbele ya macho yangu.

Najua hukukusudia ubaya. Kwenu mpishi asiyeonja ni mvivu. Kwetu chakula cha sherehe hakionjwi kabla sahani ya kwanza haijawekwa mbele ya Mungu, na kilichoguswa na mate kina jina lake: jutha. Ningeweza kusema makombo, lakini makombo mtu humpa mwenzake naye akashukuru. Jutha ni neno la kuwainua watu mkekani wakiwa na njaa zao. Mama mkwe wangu alikuwa akilitamka kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa.

Asubuhi mlipokuwa mnamenya vitunguu mliniuliza jambo jingine. Mlitaka kujua kwa nini sisi sote tunaitwa Wahindi, lakini mimi natia sukari guru kwenye dengu, jirani yangu anatia ukwaju, wale wa ghorofani hawashibi bila samaki, na bwana harusi na watu wake wanataka mkate na samli tu. Nikawaambia ngojeni. Sasa nitawajibu, kwa sababu swali lenu na kosa la Saumu vimetoka kwenye chungu kimoja.

Zamani hizo Uhindi yote ilikuwa na chungu kimoja tu. Kilikuwa chungu cha shaba, kipana hata ng'ombe angeweza kulala ndani, na kilikaa kwenye mafiga makubwa kando ya mto. Watu walikuwa wachache na wote waliishi kukizunguka. Hapakuwa na chakula cha kaskazini wala cha kusini. Ulikuwepo mseto wa mchele na dengu, manjano kidogo na chumvi, kila siku ya Mungu, na hakuna aliyelalamika kwa sababu hakuna aliyewahi kula kitu kingine.

Mpishi alikuwa mmoja, wa ukoo mmoja, na upawa ulirithiwa kutoka kwa mama kwenda kwa binti. Sheria yake ilikuwa fupi: ulimi wa mpishi usikifikie chungu. Chakula ni cha Mungu kwanza, kisha cha wazee, kisha cha watoto, na mpishi hula mwisho. Kama midomo yake itagusa kabla, chakula kinamwagwa, na yeye ananyang'anywa upawa na kufukuzwa mtoni asirudi.

Mpishi aliyesifiwa kuliko wote alikuwa Jhaver. Alipika miaka arobaini, na katika miaka yote hiyo mseto haukuzidi chumvi wala kupungua hata siku moja. Watu walisema mkono wake una macho. Moshi ulipompofua, upawa aliushika binti yake Revati, mwanamke mjane, mpole, mwenye woga. Jhaver akawa anakaa kando ya mafiga siku nzima, anasikiliza.

Revati alikuwa hodari, lakini kila alipochota chumvi alisikia jina la mama yake likimwelemea mabegani. Kipimo chake kilikuwa kome moja, ganda la mtoni aliloachiwa na wahenga wake. Kome saba za chumvi kwa chungu kizima, zisizidi, zisipungue.

Sasa ikafika sikukuu ya mavuno. Watu wote walikuwa wamefunga tangu alfajiri, watoto wameoshwa na kukalishwa kwa mistari, majani ya migomba yametandazwa mbele yao. Mzee wao alikuwa mwanamke aitwaye Tulsa, mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kukata. Alisimama karibu na chungu akisubiri sahani ya kwanza.

Revati alishika kome yake. Wakati huohuo mama yake akaomba maji, naye akaacha kazi, akampelekea, akarudi. Akasimama mbele ya chungu na kome mkononi, na hapo damu ikamwishia mwilini. Hakukumbuka kama ametia chumvi au hajatia.

Mnacheka. Nani kati yenu halijampata? Lakini ninyi likiwapata mnaonja, mambo yanakwisha. Yeye aliitazama kome, ilikuwa kavu, na haikumwambia kitu. Kama hajatia, atampelekea Mungu chakula chapwa mbele ya umma mzima. Kama ametia, akitia tena, hakuna atakayeweza kumeza, na watoto wale hawana kingine cha kula. Kwa vyovyote vile watu wangesema kwamba upawa wa Jhaver umeangukia mkono mbovu, na mama yake angeyasikia hayo akiwa amekaa palepale.

Akachovya upawa. Akajifunika mtandio usoni kana kwamba moshi unamuumiza, akainua upawa, akaonja.

Upepo ukaupeperusha ule mtandio.

Mama mkwe wangu ndiye aliyenisimulia haya, na alipofika hapa nilikuwa nahisi baridi ingawa tulikaa jikoni. Hebu fikirini. Umati mzima, njaa tangu alfajiri, macho yote kwenye chungu, na mpishi amesimama na upawa mdomoni. Mama mmoja alimziba mtoto wake macho. Mwanamume aliyekuwa ameinua mtungi aliusahau hewani mpaka maji yakammwagikia miguuni. Tulsa alifungua kinywa, na ile sauti yake ya kukata ikatoka kama ya mtu mwingine.

Aliamuru chakula kimwagwe. Wanaume sita wakakiinamisha kile chungu, na mseto wa watu wote ukaenda na maji ya mto, njano tupu kutoka ukingo hadi ukingo, huku watoto wakitazama. Mimi nimezaliwa katika nyumba ambayo punje ya wali ikianguka inaokotwa. Kila nikisimulia hapa roho inaniuma.

Kisha Tulsa akanyoosha mkono apewe upawa. Revati akaanza kuutoa. Alikuwa hata halii, alikuwa anarudia tu kwa sauti ndogo kwamba mseto haukuwa na chumvi, kwamba hakuwa ametia.

Ndipo Jhaver alipoinuka kando ya mafiga, akishika hewa kwa mikono, akauliza mwanawe amefanya nini. Wakamwambia. Kikongwe yule akageuza uso kule aliposikia pumzi za watu wengi.

"Mnamfukuza mwanangu kwa kuonja mara moja," alisema. "Mimi nilionja kila siku, miaka arobaini. Ninyi mkala, mkasema mkono wangu una macho."

Kama kumwagwa kwa chungu kuliwashtua, hili liliwavunja. Wapo waliotapika pale pale, ingawa matumboni hamkuwa na kitu. Walikuwa wazee wenye wajukuu, na kumbe miaka arobaini walikuwa wamekula jutha, siku kwa siku, na kuipeleka kwa Mungu kwanza. Kama Jhaver alisema kweli au alijipaka tope ili amfunike mwanawe, mama mkwe wangu hakujua, nami sijui. Tulsa mwenyewe, aliyeimba sifa za mkono ule harusini kwake, alikaa chini kwenye vumbi.

Hakuna aliyeamini tena mkono wa mwenzake. Mtu alimtazama jirani yake akajiuliza, huyu naye huonja? Kabla jua halijashuka kila ukoo ulichukua kaa la moto kutoka kwenye yale mafiga, ukaliweka kwenye kigae, ukaondoka. Kila mmoja aliapa kula cha jikoni kwake tu. Hivyo ndivyo Uhindi ilivyotawanyika, na wala si kwa vita.

Waliokwenda kaskazini walikuta baridi na ngano, wakajifunza mkate, wakaupaka samli ya ng'ombe wao. Waliokwenda kusini walikuta minazi na ukwaju, wakabaki na mchele lakini wakausahau mseto. Wa mashariki walikuta mito imejaa samaki na mashamba ya haradali, wakakamua mafuta yake makali yanayotoa machozi. Babu zangu walikwenda magharibi, na huko, wanangu, hatukukuta kitu. Ardhi kavu, uwele, mtindi, visima vya maji ya magadi. Tukatia sukari guru kwenye dengu ili yale maji yanyweke. Jirani yangu akiniambia dengu zangu ni tamu kama za watoto, namwambia amuulize Revati.

Lakini kulikuwa na taabu moja iliyowafuata wote. Hakuna aliyethubutu kuonja. Baada ya mshtuko ule, mpishi wa kaskazini alipika huku amefunga kitambaa mdomoni, na wa kusini vilevile. Basi chakula kikawa kibaya kila upande wa nchi. Viungo vikawa vibichi au vimeungua, chumvi leo hakuna, kesho haimezeki. Watoto wakakonda kwenye nchi zenye neema.

Mwaka wa tatu Tulsa, aliyekuwa amekwenda kaskazini, alishika fimbo akarudi mtoni peke yake. Aibu aliyokuwa nayo ilikuwa nzito kuliko mzigo wake, lakini mjukuu wake alikuwa hali chakula, na hilo lilikishinda kiburi chake. Alimkuta Revati na mama yake katika kibanda, wakipikia kwenye kipande kilichokatwa cha kile chungu cha zamani. Na kabla hajapiga hodi alinusa harufu iliyomfanya asimame njiani.

Revati hakumfukuza. Alimkalisha jikoni akaendelea na kazi yake, naye Tulsa akaona jambo ambalo hakulielewa. Mafuta yalipopata moto Revati alitupia mbegu za haradali, kisha akafumba macho. Mbegu zikaanza kulia, moja moja, halafu zote pamoja, zikaruka, zikapungua. Kwenye kona ya chumba Jhaver akainua kidole. Revati akatia binzari nyembamba. Zikalia kwa sauti nyingine, laini zaidi. Kidole tena, na mafuta yale yote, moto wake na kelele zake, yakamiminwa juu ya dengu.

Jhaver, aliyepofuka, alikuwa amemfundisha mwanawe kupika kwa sikio. Mbegu husema zenyewe zikiwa mbichi, zikiwa tayari, na zikikaribia kuungua. Hakuna haja ya ulimi. Tulsa alikaa akasikiliza mpaka akaanza kutofautisha, na machozi yalikuwa yakimtoka, sijui ya majuto au ya moshi.

Kisha akauliza kuhusu chumvi, na hakuthubutu kumtazama Revati alipouliza.

"Chumvi haina sauti," Revati alimjibu. "Ndiyo iliyoniponza. Iwekeni pembeni ya jani, kila mtu ajitilie, na mpishi asifukuzwe tena kwa ajili yake."

Tulsa akamshika miguu. Mkubwa kumshika mdogo miguu, wanangu, kwetu ni jambo la kuduwaza, na Revati aliruka nyuma kama aliyemwagiwa mafuta. Lakini Tulsa hakuachia mpaka aliposikia neno la msamaha. Akarudi kaskazini na mbegu kwenye pindo la nguo yake. Baada yake wakaja wa kusini, wakaja wa mashariki, na mwisho wakaja wa kwetu, ambao siku zote huchelewa. Kila mmoja alifundishwa lile lile, akarudi nalo kwenye chakula chake mwenyewe.

Na tangu siku hiyo Wahindi hawajakaa tena kwenye chungu kimoja. Ukienda kaskazini utakula mkate, kusini wali wa ukwaju, mashariki samaki, na kwetu sukari guru, nao watabishana mpaka kesho ni chakula cha nani kilicho cha kweli. Lakini simama nje ya dirisha la yeyote kati yao wakati wa kupika, na utasikia mbegu zikilia kwenye mafuta. Kisha ingia ndani utazame sahani. Kabla hakijapakuliwa kitu kingine chochote, pembeni utaona chumvi kidogo imewekwa, peke yake, kwa ajili ya mpishi aliyesahau.

Basi. Chungu hiki hatukimwagi, mimi si Tulsa. Kipelekeni kwa wanaofunga mahema nje, wao ni watu wenu na hawatajali, nasi tutainjika kingine kwa ajili ya sahani ya kwanza. Tuna muda wa saa tatu bado.

Ila njoo hapa kwanza, Saumu, futa machozi, sogea karibu niseme polepole wasisikie wengine. Ulipourudisha upawa chunguni nilikuwa nimesimama hapa, mfuniko mkono mmoja na kikombe cha chumvi mkono wa pili, na tangu wakati ule najiuliza. Wewe umeshaonja, mwanangu. Nilitia?