Mikia ya Herufi za Kadi

Acheni kwanza kutia kadi kwenye bahasha, mnisikilize. Mnaiona hii mikia ya herufi, inavyojikunja mpaka pembeni mwa kadi? Mnadhani ni urembo tu. Haya.

Zamani, kabla mashine hazijafika mji huu, herufi za kadi za harusi hazikuwa na mikia. Zilikuwa fupi, kila moja imesimama kivyake. Aliyeziandika ni Bi Mize, mjane asiye na mtoto, kwa kalamu ya mwanzi na wino aliouchemsha mwenyewe. Hakuna harusi iliyopita bila mkono wake, na hakuna hata moja aliyoalikwa. Si kwa ubaya. Kila mtu alijisemea, huyu si ndiye kaandika kadi zote, siku anaijua, saa anaijua, apewe kadi ya nini? Naye kwenda bila kualikwa aliona haya. Basi ngoma zikilia, yeye yuko barazani peke yake, anaosha kalamu.

Faraja yake ilikuwa moja. Siku zile mwenye harusi alikuja kuketi na mwandishi, akimtajia majina, mpaka la mwisho liandikwe. Hapo ndipo Bi Mize alipopata mtu wa kuzungumza naye.

Siku moja akaja Mwanahawa, anamwoza binti yake wa kwanza. Walicheka, wakanywa kahawa, mpaka likabaki jina moja. Bi Mize alifika herufi ya mwisho, akashindwa kuinua kalamu, maana akiinua tu mgeni anaondoka. Akaivuta polepole, akaizungusha, akairudisha, huku akiuliza habari za binti, za mkwe, hata za kisima.

"Mbona hiyo herufi haiishi, Bi Mize?"

"Ngoja, mwenzangu. Iko karibu."

Mwanahawa akangoja, na mkia ulipokwisha akaupenda. Mji mzima ukautaka. Kwa miaka michache Bi Mize alikuwa na watu barazani kutwa, na alifurahi kweli.

Kisha watu wakachoka kungoja. Mpiga chapa mmoja akayeyusha risasi, akazisubu herufi zile katika kalibu, mikia na yote, kadi mia zikawa zinatoka kabla kahawa haijapoa. Baraza likabaki tupu.

Mwanahawa alipomwoza binti wa mwisho, alimkumbuka Bi Mize. Akampelekea kadi, ya kwanza maishani mwake, jina lake limechapwa kwa herufi zake mwenyewe. Bi Mize alipomwona mlangoni akateleka birika.

"Siketi, Bi Mize," Mwanahawa akasema. "Nina kadi mia za kugawa."

Bi Mize akabaki ameishika kadi. Akaufuata mkia wa jina lake kwa kidole, taratibu, mpaka ukaisha.

Na tangu enzi hizo herufi za kadi zina mikia mirefu, ingawa mashine haina mtu wa kumchelewesha. Haya, endeleeni na bahasha zenu. Ila kadi ya Bi Chiku, yule anayeishi peke yake pale kona, msimpe mtu. Nitaipeleka mimi, na nitaketi.